Mbona wataalamu wa programu wanakuhubiria badala ya kujibu swali lenye umeuliza?

karani_subukia (Subukia, Nakuru)

Habari zenu wadau, natumai mko salama nyote na familia.

Mi ni karani wa kituo cha kukusanya maziwa huku Subukia. Si mtu wa kompyuta wa kusomea, sijawahi kukanyaga darasa lolote la programu, nimejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, usiku kwa simu na baadaye kwa laptopu ya mtumba, na juu nilichoka na daftari kulowa asubuhi mvua ikinyesha nikaandika programu ndogo ya kuingiza jina la mkulima, tarehe na kilo alizoleta, alafu mwisho wa mwezi inajumlisha yenyewe. Inaweka kila kitu kwa SQLite, databesi ndogo ya kuhifadhi data kwa faili moja. Na ilikuwa inafanya poa kabisa, Wanjiru anaingia, Kiptoo anaingia, Moraa anaingia, Otieno pia yuko ndani. Ukiandika Ng'ang'a inakufa hapo hapo. Wang'ombe pia inakufa. Ng'eno inakufa. Inaniletea hii:

sqlite3.OperationalError: near "ang": syntax error

Na laini yenyewe iko hivi:

cur.execute("INSERT INTO maziwa VALUES ('" + jina + "', '" + tarehe + "', " + kilo + ")")

Swali hili nilipeleka kwa mtandao mmoja mkubwa wa maswali ya programu, siutaji jina. Nikaandika Kiingereza changu vizuri, nikaanza na salamu, nikaeleza mi ni nani na programu ni ya kazi gani, nikabandika programu yote mzima ndio wasikose kitu, na nikawashukuru mapema. Mtu wa kwanza kufika hakujibu chochote, alifuta salamu na shukrani zangu kimya kimya, nikarudi nikapata posti imekatwa kichwa na mkia. Wa pili akasema programu yangu ni hatari na haifai kuwa karibu na data ya watu. Wa tatu akauliza nimejaribu nini, na mi nilikuwa nimebandika kila kitu hapo juu. Wa nne akaandika tu "tumia paramita", maneno mawili, akaenda. Alafu swali likafungwa ati lilishaulizwa kitambo, na wakaniwekea linki ya mtu mwingine anauliza venye atazuia wezi wa mtandao kuingilia tovuti yake ya PHP, lugha nyingine ya programu. Mi sina tovuti. Sijui PHP. Laptopu yangu kituoni haina hata intaneti, huyo mwizi ataingilia wapi?

Kwa sasa naandika Nganga bila ile ritifaa (ile alama ya ' katikati ya jina) lakini hiyo si suluhisho juu mwisho wa mwezi orodha inaenda kwa sacco na jina lazima lifanane na la kitambulisho, na mtu ana haki ya jina lake liandikwe venye liko.

Sasa swali langu kwenu ni mbili. Moja, hii kitu inatengenezwaje? Mbili, na hii ndio inaniuma zaidi, kwani hawa wataalamu hawataki watu kama sisi tunaojifunza wenyewe? Watu wanne walifika kwa swali langu, wanne wote wanajua kuliko mimi, na nikatoka hapo nikiwa sijui kitu kipya isipokuwa kwamba mi ni hatari. Kama kuna njia ya kuuliza yenye sikuifuata naomba mniambie wazi, nitaifuata.

---

mlimani_bungoma

Pole sana ndugu. Mi nilishaacha kuuliza huko. Nafundisha Fizikia shule ya upili na naandikaga vitu vidogo vidogo vya kuchora grafu kwa wanafunzi, na kila nikiuliza naambiwa nisome kwanza nyaraka rasmi, sasa nyaraka zenyewe zimeandikiwa mtu ambaye tayari anajua. Ungoje, kuna watu wazuri hapa watakujibu.

---

nyarnam_divelopa (Kisumu)

Kaka karani, tuanze na swali lako la kwanza maana hilo ndilo lilikupeleka kote huko.

Shida ni ile ritifaa. Kwa SQL, ile lugha ya kupatia databesi amri, maneno yanawekwa kati ya ritifaa mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Wewe umechukua jina ukaliunganisha ndani ya amri kwa alama ya kujumlisha, kwa hivyo SQLite ikifika kwa 'Ng'ang'a' inaona jina limefunguliwa, limeandikwa Ng, limefungwa. Kwake jina limeisha. Alafu inakutana na ang imesimama peke yake nje na haijui hiyo ni amri gani, ndiyo maana inalalamika near "ang". Haina ugomvi na Kiptoo kwa sababu Kiptoo hana ritifaa katikati. Dawa ni usiunganishe kabisa, andika hivi:

cur.execute("INSERT INTO maziwa VALUES (?, ?, ?)", (jina, tarehe, kilo))

Hizo alama za kuuliza ni kama nafasi zilizoachwa wazi kwa fomu ya benki. Amri inapelekwa peke yake, majina yanapelekwa peke yake, na chochote utakachojaza pale kinabaki kuwa jina tu hata kiwe na ritifaa kumi. Na kabla ya hapo ibadilishe kilo iwe namba, kilo = float(kilo), ili mtu akiandika herufi kwa bahati mbaya ujue mapema, si mwisho wa mwezi.

Sasa angalia vizuri. Hiyo ndiyo "paramita". Yule aliyekuandikia maneno mawili alikupa jibu lenyewe kamili. Yule aliyesema ni hatari alikuwa anaongea kuhusu laini hiyo hiyo moja. Na ile linki ya PHP iliyokukasirisha, jibu lake ni hili hili. Mwizi wa mtandao anachofanya ni kuandika ritifaa kwenye kisanduku cha jina, alafu baada yake anaongeza amri yake mwenyewe, na databesi inaona jina limeisha inaanza kutii kinachofuata. Ng'ang'a anapita kwa shimo lile lile bila kujua, tofauti ni kwamba nyuma ya ritifaa yake hakuna amri, kuna "ang". Kwa hivyo hayo yote matatu yalikuwa sahihi, na wewe ukaondoka mikono mitupu.

Hapo ndipo mi huwa nakasirika sana, na nasema hivi nikiwa mtu wa upande wao, hii ndiyo kazi inanilipa na nimejibu maswali ya watu mtandaoni kwa muda mrefu. Mtu aliyeandika programu miaka mingi akiona alama ya kujumlisha kati ya SQL na jina, macho yake hayaoni tena maziwa wala mkulima wala Ng'ang'a, yanaona shimo tu. Anajibu shimo. Na kwa kuwa kwake ni wazi kabisa kwamba ritifaa ya Ng'ang'a na ritifaa ya mwizi ni kitu kimoja, haimjii hata kidogo kwamba kuna mtu haoni uhusiano huo. Ilihitaji sentensi moja: "jina lako lina ritifaa na ritifaa inafunga maneno, angalia linki hii, shida ni ile ile." Sentensi moja tu na ungeelewa kila kitu walichokuandikia, hata ile ya hatari ungeichukua kama msaada. Jibu sahihi ambalo muulizaji hana namna ya kujua ni lake, mi siwezi kuliita msaada.

Kuhusu salamu usichukulie kwamba mtu alikudharau. Sijui ulienda mtandao gani na huhitaji kusema, wacha nichukue Stack Overflow, mtandao mkubwa wa maswali ya programu, tu kama mfano kwa sababu sheria zake ziko wazi kwa kila mtu. Ilianzishwa 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, na nia yao tangu mwanzo ilikuwa kujenga ghala la majibu, kila swali liwepo mara moja, lijibiwe vizuri, na watu maelfu watakaokuja baadaye wakitafuta kwa Google walipate. Kwa mawazo hayo swali lako likishawekwa si lako tena, ni ukurasa wa ghala, na salamu kwa ukurasa wa ghala wanaona ni maneno ya ziada wanayapunguza. Kwetu ukimwendea mtu na shida bila kumjulia hali umemkosea heshima, kwao ukijulia hali umemchelewesha. Ni desturi mbili zimekutana na hakuna aliyemweleza mwenzake, basi mgeni anaona amepigwa kofi.

Na muundo wenyewe unaongeza makali. Ukifungua akaunti unaanza na pointi 1. Kwa miaka mingi ulikuwa huwezi kupiga kura ya kupandisha jibu mpaka ufike 15, wala kuandika komenti kwa posti za wengine mpaka 50, na wa kupiga kura ya kufunga maswali ni mtu wa 3,000. Kura tatu swali limefungwa, na mwenye beji ya dhahabu ya mada hiyo anaweza kulifunga peke yake akisema limerudiwa. Kwa hivyo aliye na ujuzi ana nguvu ya kufunga kwa kubonyeza tu, na kueleza kunataka achape. Unajua mtu akiwa na haraka atachagua gani. Na wenyewe walikubali, Aprili 2018 waliandika kwa blogu yao kwamba mahali pao hapakaribishi watu, hasa wanaoanza programu, wanawake na watu wasio wazungu, na mwaka huo huo wakatoa kanuni mpya za tabia na alama ya kuonyesha kwamba huyu ni mgeni.

Kitu cha mwisho. Kuna Stack Overflow ya Kireno, ya Kihispania, ya Kirusi na ya Kijapani. Ya Kiswahili hakuna. Wewe unaeleza shida kwa lugha yako ya tatu, usiku, na anayekujibu anadhani kila kitu umekosa kusema ni uvivu.

---

fundi_mkavu (Nakuru mjini)

Dada nyarnam umeeleza vizuri lakini umewalemea sana wale watu.

Mi pia hujibu maswali, si huko tu, hata kwa magrupu ya WhatsApp ya maprograma wa Nakuru, na hakuna mtu hunilipa. Nikitoka kazini nimechoka nafungua simu napata picha ya skrini ya laptopu imepigwa na simu, imeinama, herufi hazisomeki, na chini imeandikwa "haifanyi kazi, saidia". Haifanyi kazi namna gani? Imekuandikia nini? Ulitarajia nini? Unauliza hayo mtu anakujibu kwa hasira ati unamsumbua na maswali badala ya kumsaidia. Mwingine anakutumia assainimenti yote ya chuo na deadline ni kesho asubuhi. Ukimfanyia leo, wiki ijayo yuko hapo tena na nyingine, na marafiki wake wawili. Hii kuuliza "umejaribu nini" haikutoka kwa dharau, ilitoka kwa watu walichoka kufanyia wengine kazi.

Na kubandika programu yote nzima si ukarimu, ndugu karani, nakuambia bila ubaya. Ukinipa laini mia tatu umenipa kazi ya kutafuta laini moja. Ungekata ukabakisha laini tano zenye zinaleta shida na jina moja la Ng'ang'a, kuna uwezekano mkubwa ungejiona mwenyewe kwamba shida ni ritifaa kabla hata ya kuuliza. Hapa kwetu leo umeweka laini moja na ujumbe wa kosa na umejibiwa haraka. Hiyo ndio tofauti.

Na ile ya kusema ni hatari sitaki mtu aipuuze. Watu wengi wanasema "mi najifunza tu, hii ni ya kujifurahisha", alafu ndani ya hiyo kitu ya kujifurahisha kuna majina ya wakulima, namba za simu, namba za vitambulisho na pesa zao. Kenya tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 na haiulizi kama ulisomea Egerton ama ulisomea kwa simu. Siku kituo chako kitaleta intaneti, ama kijana mwingine akabeba programu yako akaiweka mtandaoni, hilo shimo liko pale pale. Kwa hivyo mtaalamu akiona na anyamaze ati asikuumize roho, hapo ndio atakuwa amekukosea.

---

nyarnam_divelopa

Fundi, hatukosani kwa hatari, kaka. Nimemwonyesha shimo na nimemwambia ni shimo.

Tunakosana hapa: umesema wamechoka. Sawa, mtu amechoka, hana deni kwa mtu yeyote, na hakuna aliyemlazimisha kufungua lile swali. Aliyechoka anaweza kupita. Swali la karani likikaa siku mbili bila jibu hakuna kilichoharibika, mwingine mwenye nguvu atafika. Lakini aliyechoka akisimama pale akaandika maneno mawili, akalifunga na kuondoka, amewazuia hata wale ambao hawakuwa wamechoka, maana swali likifungwa hakuna anayeweza kuweka jibu tena. Kupita na kufunga mlango ni vitu viwili tofauti kabisa na mi sikubali uchovu uwe sababu ya hicho cha pili.

Ya assainimenti nakubaliana na wewe mia kwa mia. Lakini karani hakuleta assainimenti, alileta kosa kamili, laini yake na maelezo. Akachanganywa na wale wavivu kwa sababu tu Kiingereza chake kilikuwa cha mtu anayeanza na alitoa salamu.

---

mzee_wa_modemu (Kisumu)

Wanangu, mambo haya hayakuanzia juzi na hayakuanzia kwa mtandao wa maswali ya programu.

Kabla ya tovuti kuwepo kulikuwa na Usenet, ilianza karibu 1980 huko Marekani, vyuo vikuu vikiandikiana, na maswali ya kompyuta yalikuwa yanaulizwa na kujibiwa huko. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walikuwa wanapata akaunti zao za kwanza, wanaingia kwa fujo, wanauliza yaliyokwishaulizwa, wanabishana, wenyeji wanawakemea na kuwafundisha desturi, na baada ya mwezi hivi wametulia wamekuwa wenyeji. Mwaka 1993 na 1994 kampuni za intaneti kama AOL zikafungulia wateja wao wa kawaida mlango wa kuingia, na wageni wakawa hawaji tena mara moja kwa mwaka, wanakuja kila siku. Wenyeji wakaita kipindi hicho Septemba isiyoisha. Wengine waliondoka, wengine wakakaa na uchungu wao, na ule uchungu ukarithiwa na waliokuja nyuma yao mpaka leo.

Nawaambia hivi kwa sababu naona fundi na nyarnam mnaongea kama ni tabia ya mtu mmoja mmoja. Iko tabia, ndiyo, lakini ile desturi ya zamani ya kulea wageni ilitegemea wageni wawe wachache na wenyeji wawe wengi. Hesabu iligeuka zamani sana. Mgeni wa 1990 alikuwa anakemewa kweli kweli, matusi hata, lakini aliyemkemea wiki hii alikuwa bado yuko wiki ijayo na alimjua kwa jina, na mara nyingi ndiye aliyemfundisha. Leo karani amekemewa na watu wanne ambao hatawaona tena. Ndiyo maana mimi huwaambia vijana huku Kisumu watafute watu wa karibu kwanza, LakeHub, kile kituo cha watu wa teknolojia, wako hapa, Maseno wako hapa, Nakuru mna Egerton na Kabarak, huko mkapate mtu wa kukaa naye mkiangalia skrini moja. Ghala la dunia nzima liwe la kusoma, na kuuliza muulize penye mtu anaweza kukuuliza tena.

---

webuye_254

Mi siku hizi naulizaga ChatGPT tu, maze haina maringo. Unaiuliza swali la kijinga mara tano inakujibu mara tano, haikuambii swali limerudiwa, haifuti salamu yako. Unaandika hata kwa Kiswahili na inaelewa. Mbona karani asumbuane na watu wenye roho mbaya na hii kitu iko kwa simu?

---

fundi_mkavu

Webuye, naitumia hata mimi, sikatai. Lakini iko kitu mbili. Stack Overflow walikataza majibu yake Desemba 2022, ilikuwa haijamaliza hata mwezi tangu itoke, sababu ikiwa majibu mengi yalikuwa yanaonekana sawa na si sawa, na anayejifunza ndiye hawezi kutofautisha. Pili, ukiiambia "nifanyie hii laini ikubali Ng'ang'a" inaweza kukupa njia ya kurudia ritifaa mara mbili ndani ya jina, na kwa SQLite itafanya kazi, na utaondoka umefurahi na shimo bado liko kwa kilo, yenye imeunganishwa vile vile. Yule mtu mkali alikuwa anakataa swali la karani lakini angalau alimwambia laini yake ni mbaya.

---

nyarnam_divelopa

Na majibu yenyewe yanatoka wapi? Hizi mashine zilisoma maandishi ya watu mtandaoni, na mengi ya hayo ni watu kujibu watu. Tukifukuza wote wanaouliza, baada ya miaka michache kila kitu kipya kitakuwa hakina mtu aliyekieleza mahali popote. Kwa hivyo Webuye tumia, lakini ukipata suluhisho la kitu ambacho hukukipata kimeandikwa popote, kiandike, hata kwa Kiswahili.

---

karani_subukia

Nimejaribu jioni hii. Ng'ang'a ameingia. Wang'ombe ameingia. Ng'eno ameingia. Nimeingiza tena wote wale nilikuwa nimeandika bila ritifaa, na jumla imelingana na daftari. Asanteni sana kutoka moyoni, dada nyarnam Mungu akubariki.

Fundi nimekusikia na sijakasirika, ya kukata laini nimeelewa na ya sheria pia, hiyo ya 2019 hakuna mtu alikuwa ameniambia. Kitu moja tu nakataa. Umesema ningekata ningejiona mwenyewe kwamba shida ni ritifaa. Hiyo nilikuwa nimeona, ndio maana nilitaja Ng'ang'a na Wang'ombe kwa swali. Chenye sikujua ni kwa nini ritifaa iwe shida, na huwezi kutafuta kwa Google kitu hujui kinaitwaje. Ningeandika nini? Mwenye anajua neno "paramita" hahitaji kuuliza.

Mnaonaje, nirudi kule niwaombe wafungue swali ama niachane nao? Na kitu ingine imetokea sai. Nataka mkulima mmoja aonekane peke yake nikaandika:

cur.execute("SELECT * FROM maziwa WHERE jina = ?", (jina))

Inakataa, inasema amri inataka kitu 1 na mi nimeipatia 8. Nimeipatia jina moja tu.

---

nyarnam_divelopa

Ya "ningeandika nini" umeniweka kwa kufikiria, na naona umesema kweli kabisa. Ndiyo kazi ya anayejua kumpa mwenzake jina la shida yake, maana akishalipata anajisomea mwenyewe usiku kucha.

Kule rudi, lakini usiwaombe kwa komenti. Hariri swali lenyewe. Bakisha ile laini moja, ujumbe wa kosa na jina moja, toa hadithi ya kituo, na uandike kichwa kinachosema wazi kwamba jina lenye ritifaa linaleta kosa kwa SQLite ukitumia Python. Kwa Stack Overflow swali lililofungwa likihaririwa linaweza kwenda kwenye foleni ya kukaguliwa lifunguliwe, nadhani na kwingine kuna njia kama hiyo. Na hata wakikataa kulifungua, acha hapo. Swali lililofungwa kwa kurudiwa huwa linabaki likielekeza kwenye lile jibu kubwa, na mtu mwingine mwenye jina kama la Ng'ang'a akitafuta atafika kwako kwanza na kutoka kwako atafika kwa jibu. Kwa hivyo kwa komenti ya chini andika ile sentensi moja ambayo hawakukuandikia, kwa posti yako mwenyewe unaruhusiwa hata na pointi 1.

Hiyo ya 8 namwachia fundi.

---

fundi_mkavu

Weka koma baada ya jina, iwe hivi:

cur.execute("SELECT * FROM maziwa WHERE jina = ?", (jina,))

Sababu ni hii. Mabano peke yake kwa Python hayatengenezi orodha, koma ndio hutengeneza. Bila koma (jina) ni neno tu, na neno Python inalichukua kama mfululizo wa herufi, kwa hivyo imempeleka Ng'ang'a herufi moja moja. Hesabu na ritifaa zake zote mbili, ni 8. Ungejaribu na Moraa ingekuambia 5. Kwa ile laini ya kuingiza haikukusumbua juu vitu vilikuwa vitatu na koma zilikuwa tayari. Hii kitu kwa Kiingereza inaitwa tuple, ukitafuta Google andika Python tuple na utapata kurasa nyingi, soma ya nyaraka rasmi mwisho, si mwanzo.

Alafu hio databesi yako ni faili moja tu kwa laptopu. Funga programu kila jioni, nakili hiyo faili kwa flashi disiki, flashi isilale mahali pamoja na laptopu. Na uweke nywila kwa laptopu leo, si kesho. Ukikwama kwa ripoti ya mwisho wa mwezi weka hapa, laini tano tu na ujumbe wa kosa, salamu ziache zikae.